Kocha wa Nyuma ya Uzio

Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha chai katika klabu ya raga ya Cwmhesgen, bonde letu la wachimba makaa, na umbea ni ugonjwa wangu, sikatai. Tangu siku Gethin Prosser aliporudi kutoka kaskazini akichechemea, nilitaka kujua jambo moja tu: baba yake atamfungulia geti la uwanja, au hatamfungulia?

Gethin alikuwa namba kumi wetu, na mguu wake wa kushoto uliupeleka mpira popote alipotaka. Mgodi ulipofungwa akaenda kaskazini mwa Uingereza kucheza raga ile ya kulipwa, ya watu kumi na watatu. Kwetu, tunaocheza kumi na watano bila senti, hiyo ni sawa na kumuuza mama yako. Siku zile, ukishapokea mshahara wa raga, ulikuwa huchezi tena klabu ya ridhaa wala kuifundisha. Kamati yetu ikaongeza ya kwake: hata getini hupiti.

Na mlinzi wa geti alikuwa nani? Idwal, baba yake mzazi, mchimba makaa mstaafu, mtu wa sheria kupindukia. Bonde zima lilimwita Idwal Geti. Jumapili baba na mwana walikula nyama ya kondoo meza moja, wakazungumzia mvua. Raga haikutajwa.

Goti ndilo lililomrudisha Gethin. Akakodi kishamba cha vitunguu liki nyuma ya uzio wa uwanja. Jioni za mazoezi utamwona anapalilia, mara jembe analitupa na kumfokea mchezaji.

"We Hefin! Unamkimbia nani, mkweo? Mpe mwenzio mpira!"

Vijana walimsikiliza kuliko kocha wao. Wakipumzika walijazana kwenye uzio, naye anawachorea mipango udongoni kwa kijiti. Tukaanza kushinda. Kamati ikanuna, ikamwagiza Idwal apigilie mbao uzio mzima ili huyo msaliti asionekane.

"Misumari imekwisha," akasema Idwal.

Misumari ilikwisha kwa miaka sita. Mtu gani wa sheria anakosa misumari miaka sita? Nikamfuata.

"Mzee Idwal, unamsikia mwanao anavyopiga kelele kule?"

"Nerys, chai yako inaungua."

Chai haiungui, lakini nilielewa kwamba nimefukuzwa.

Mwaka wa tisini na tano sheria ile ya mshahara ikafutwa. Kamati ileile, bila haya, ikaenda kumwomba Gethin kwenye liki zake awe kocha. Akakubali. Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha, na watazamaji wote walikuwa bado kwenye foleni, geti ndiyo kwanza limefunguliwa. Gethin hakwenda mlango wa wachezaji, ule wa upande wa pili. Alipanga foleni kama sisi, wa kwanza kabisa, na koti jipya la klabu mwilini. Mimi niliacha birika jikoni nikaja kusimama nyuma yake.

"Kocha hapiti hapa," Idwal akasema. "Kocha anapita mlango wa wachezaji. Ndiyo sheria."

"Baba, miaka yote hii nimetaka kupita hapa. Unifungulie wewe."

Mzee alimtazama. "Na mimi nimetaka kukufungulia, mwanangu. Miaka yote. Ila sheria ni sheria."

Nilikasirika, nusura nimchape kwa mwavuli. Lakini Idwal alifunga geti, akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni, kisha akamshika mwanawe mkono.

"Twende. Nitakufungulia kule."

Wakaondoka kuuzunguka uwanja polepole, mmoja anachechemea, mwingine anakohoa.

"Idwal! Na sisi je?" watu wakafoka. "Mechi inaanza, we mzee!"

"Ngojeni!" alijibu bila kugeuka.

Mechi ikaanza bila mtazamaji hata mmoja. Tulisikia filimbi, kisha vijana wetu wakishangilia, na hatukujua nani kafunga. Nililoa chapachapa, nikalia, na sikutaka geti lifunguliwe upesi.

Idwal alirudi wakati wa mapumziko, macho mekundu. Akafungua kufuli, akanyoosha mkono.

"Tiketi," akasema.