Kadi ya bima ya meno ilimkosanisha na kijiji, sasa Wanjugu anatafuta mbuzi

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Wanjugu Mwaura amesimama mlangoni pa kliniki ya meno mjini Nakuru. Kazi yake ni kukaa kwenye meza ya mapokezi, lakini leo ameshindwa kungoja. Akina mama sita kutoka kwao Subukia wanapanda ngazi polepole, baadhi wameshika mashavu, naye anacheka peke yake.

"Shosho Wangare, karibu! Leo hakuna mtu atarudishwa," anasema, akimpa mkono bibi huyo, mzee kuliko wote.

"Tutaona," anajibu Wangare bila kutabasamu. "Hata mwaka jana ulisema hivyo."

Ana haki ya kusema. Wanjugu, 33, ndiye aliyewashawishi majirani hao, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kukata bima ya meno kupitia chama chao cha ushirika. Alikuwa ameona jina la kliniki yake kwenye orodha ya madaktari ya kampuni iliyouza bima hiyo. Angeuliza nini tena?

Kumbe jina lilikuwa la kuazimwa. Kliniki ilikuwa na mkataba na kampuni nyingine kabisa, nayo ndiyo iliyoipa kampuni ya kadi za Subukia orodha yake ya madaktari bila kumuuliza yeyote. Majirani walipofika na kadi zao, daktari Kipruto alikataa, maana hakujua nani angemlipa.

"Mimi ndiye niliambiwa niwarudishe. Shosho amefura shavu, na mimi namwambia kadi yake haifanyi kazi hapa," anasema Wanjugu. "Hiyo siku nililia kwa choo."

Kijiji kilimnunia. Miezi miwili baadaye alijifungua mtoto wake wa kwanza akiwa kwa wazazi wake Subukia. Kwa desturi, akina mama huja pamoja kumwona mtoto, wakibeba kuni na uji, wakiimba tangu barabarani. Hakuna aliyekuja. Uji alipikiwa na mamake, kuni akapasua babake, na hilo lilimuuma kuliko uchungu wa kuzaa.

Kilichogeuza mambo ni kanuni mpya. Kampuni ya bima sasa haiwezi kuiazima nyingine orodha ya madaktari kabla ya kila kliniki kuarifiwa, kuonyeshwa malipo na kukubali yenyewe. Kampuni ya kadi za Subukia ikalazimika kubisha hodi kwa Kipruto kama mgeni mwingine yeyote.

"Malipo yalikuwa sawa, ningesaini tu," anasema Kipruto, ambaye sasa ametia saini, akimcheka Wanjugu. "Lakini huyu alinisumbua wiki nzima. Kila nikiinua kichwa, 'Daktari, umesoma?'"

Simu inalia. Kampuni imekubali kulipia kung'olewa kwa jino la Wangare. Wanjugu anapiga kigelegele, mgonjwa mmoja anaangusha gazeti.

Baadaye Wangare anatoka na pamba mdomoni, nusu ya uso imekufa ganzi. Anamshika Wanjugu bega. Maneno yanatoka yamepinda, lakini yanasikika.

"Huyo mtoto, mlete nyumbani Jumamosi. Tunakuja kumwona."

Mtoto mwenyewe ameshaanza kusimama, lakini nani anajali? Wanjugu analia na kucheka kwa pamoja.

Sasa ana mpango. Amemwambia babake atafute mbuzi mnono, na majirani wote wenye meno mabovu amewapangia siku za matibabu wiki hii hii.

"Nataka waje waimbe, wale washibe. Na nyama ya mbuzi haina huruma," anasema, akiinua simu kumwita anayefuata. "Shosho peke yake ndiye atakunywa supu."