Picha Iliyoungua

Watu wa mtaani kwetu Sakina, Arusha, wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa nasema natengeneza mabango, kwa sababu ndiyo kazi inayolipa pango. Ile nyingine haielezeki kirahisi. Kuna gemu moja la kompyuta, la mazimwi na ngome na wachawi, lililotengenezwa na watu wa nchi za baridi, na wapo watu dunia nzima wanaolicheza miaka nenda miaka rudi bila kulichoka. Wenye gemu wameacha mlango wazi: ukitaka kulibadilisha unatengeneza faili zako, zinaitwa modi, na mchezaji anazipakua na kuziweka juu ya gemu lake. Wengine hutengeneza panga, wengine farasi. Mimi natengeneza mwanga. Jua linachomozaje, ukungu uwe na rangi gani, kivuli cha mti kikolee kiasi gani saa tisa mchana, hayo ndiyo yangu. Hakuna anayenilipa. Mama alipoelezwa alisema, "Kwa hiyo unapaka rangi hewa ya watu wasiokuwepo," na mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Baba ndiye aliyeelewa bila kuambiwa mara mbili. Alikuja Arusha kutoka Kondoa akiwa kijana, akajifunza kupiga picha kwa fundi mmoja wa mjini, kisha akafungua studio yake Kaloleni, chumba cha kupanga chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inapaa juu yake. Maharusi wa mtaa ule wamesimama mbele ya ile ndege kana kwamba wanasubiri kupanda. Simu za kamera zilipokuja studio ikafa taratibu, akabaki na picha za pasipoti, halafu hata hizo zikakauka. Lakini jicho lake halikustaafu. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajakaa anaangalia dirisha liko upande gani. Na alikuwa na tusi moja tu kwa kazi mbaya: "Imeungua." Filamu ikiingiwa na mwanga kupita kiasi, uso unatoka mweupe kama sahani, pua haina kivuli, shela la bibi harusi limeyeyuka ukutani. Hiyo imeungua. Fundi wa kuunguza picha za watu, kwa baba, hakustahili hata salamu.

Kwa hiyo nilipoanza modi yangu kubwa, ile ya kubadilisha mwanga wa bonde zima la kaskazini kwenye lile gemu, sikutafuta mshauri mwingine. Kila Jumapili baada ya swala ya adhuhuri baba alikuwa anakuja kwangu. Mama anampandisha gari kule kwao, mimi nampokea barabarani. Nampa chai ya tangawizi, namkalisha kwenye kiti changu chenye mto, mimi nachukua stuli, na tunaanza.

"Ongeza nuru, mama," alikuwa akisema. Baba ameniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Huyo mpanda farasi amezama gizani."

Naongeza. Nasogeza vipimo kwa mausi, jua linapanda, bonde linafunguka. Anatulia, anafikiri, anavuta chai. "Kidogo tena."

Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo Meru anajifunika shuka na hatuuoni uso wake wiki nzima. Ukitoka nje unakutana na jirani kajikunyata, anakwambia leo giza. Muuza maandazi anakwambia leo giza. Kila mtu Arusha alikuwa analalamikia giza. Baba alipoingia ndani na kusema mbona mna giza humu, niliwasha taa mchana kweupe na kuilaani Julai. Ningejuaje? Mtu anayeugua ukungu katika mji wenye ukungu anaonekana mzima kabisa.

Modi ilipotoka, watu waliipakua kwa wingi, nikafurahi, halafu maoni yakaanza. Kali sana, aliandika mmoja. Macho yanauma, aliandika mwingine. Wa tatu akauliza kama nimeweka jua moja au matatu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikukawia. Niliwajibu kwamba wamezoea jua la kuazima, wasitufundishe sisi tunaoishi chini ya jua lenyewe. Nilibishana na watu wa nchi nisizozijua kama mchuuzi wa mitumba, na moyoni nilikuwa na hoja moja ambayo sikuiandika: aliyepitisha huu mwanga amepiga picha kabla ninyi hamjazaliwa.

Kilichonizima ni kompyuta ya ofisini. Kwenye duka letu la mabango tulinunua skrini mpya, isiyodanganya rangi kama ile yangu kuukuu ya nyumbani, na siku moja ya kazi chache nikaifungua modi yangu pale kuwaonyesha wenzangu. Bonde halikuwepo. Kulikuwa na weupe, na ndani ya weupe kulikuwa na vitu. Theluji haikuwa na mwisho, mlima haukuwa na ubavu, uso wa mpanda farasi haukuwa na pua. Nilikuwa nimeongeza kidogo kidogo, Jumapili hadi Jumapili, na macho yangu yalizoea kila hatua kama mtu anayezoea chumvi. Mwenzangu mmoja, kwa adabu, akauliza kama ni jangwa.

Neno lilinijia kwa sauti ya baba. Imeungua. Na papo hapo nikaelewa: mtu aliyenifundisha neno hilo ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya picha hii na kusema ongeza.

Jumapili iliyofuata sikumwambia kitu. Nilirudisha gemu kwenye mwanga wake wa asili, ule wa watengenezaji wenyewe, mzuri tu.

"Leo umezima kila kitu," baba akasema.

Nikaweka ule ulioungua. Chumba kizima kiliangaza, hata ukuta wa nyuma yetu.

"Hapo afadhali. Naona kama kuna mlima."

Kama kuna. "Na farasi je, baba?"

"Farasi yuko wapi?"

Farasi alikuwa upande wa kushoto, mkubwa kuliko kiganja changu, mweusi tii juu ya weupe. Baba akageuza kichwa chote, taratibu, kama kuku anayetafuta punje, mpaka farasi akaingia katikati ya macho yake. "Aa, huyo hapo," akasema. "Mbona unamficha?"

Nilitoka nje nikampigia mama. Yakamtoka yote kwa mkupuo. Kwamba baba anamimina chai nje ya kikombe. Kwamba anagonga ndoo iliyokaa palepale miaka yote. Kwamba alimkataza kusema, anadai ni baridi ya macho, itaisha Septemba. "Nikuambie nini, mwanangu?" mama akasema. "Alikuwa anaisubiri Jumapili kama mtoto anavyosubiri Idi. Alisema kwako bado wanamhitaji." Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini siku ile aliyelia ni mimi, kando ya barabara iendayo Nairobi, mafundi wa magari wakijifanya hawanioni.

Daktari wa macho alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwamkia baba shikamoo, akamuweka kidevu kwenye mashine, akamwambia atazame taa, na yeye akachungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu. Kisha akasema ni presha ya macho, imekaa siku nyingi, inakula kutoka pembeni kuja katikati, haiumi, ndiyo maana watu hawaijui.

Baba akakaa wima, kama anavyokaa anapozungumza na fundi mwenzake. "Daktari, mimi nilikuwa mpiga picha. Lensi ikiingia ukungu tunaisafisha. Nimesikia na ninyi mnasafisha."

"Huo ni mtoto wa jicho, mzee. Huo tunautoa. Wewe lensi yako ni safi. Tatizo liko nyuma, kule picha inakopokelewa."

"Kwenye filamu," baba akasema.

"Tuseme hivyo, mzee," daktari akasema.

"Imeungua."

"Sehemu kubwa, ndiyo."

Nilisubiri baba aulize swali linalofuata, lile ambalo kila mgonjwa huuliza. Hakuuliza. Amefanya kazi chumba cha giza nusu ya maisha yake, anajua hakuna dawa ya kuoshea filamu iliyoungua. Mimi ndiye niliyeuliza, tena kwa ukali, kana kwamba yule dada ameficha kitu kabatini. Alinijibu kwa upole kwamba matone yatajaribu kulinda kilichobaki, na kwamba kilichopotea hakirudi. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Akajibu yaleyale.

Tangu siku hiyo nikawa na jambo moja tu: aone. Siyo apone, hilo nilishalimeza. Nilitaka mambo yakiwa yanafungwa huko machoni mwake, kiwepo kitu kimoja kizuri nilichokitengeneza mimi, akione vizuri, aseme hiki nimekiona. Nikaifuta modi ya watu. Nikaanza nyingine ya mtu mmoja.

Nilijifunza kuona kama yeye. Nilikata bomba la karatasi ya mabango nikaliweka jichoni, nikazunguka nalo chumbani, nikajigonga mlangoni. Nikaleta kila kitu katikati: njia, mto, mnara. Nikaondoa ukungu wote, mimi niliyejisifia ukungu. Nikaweka rangi zinazopigana, chungwa juu ya buluu nzito, mbingu ya rangi ya damu ya mzee nyuma ya mlima mweusi. Ilikuwa mbaya, kwa kweli. Ilikuwa kama kanga iliyofuliwa na jinzi. Lakini Jumapili ya kwanza baba alisema, "Mnara nimeuona," na nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumapili chache baadaye hakuuona. Nikaukuza. Akauona, halafu akaupoteza. Matone alikuwa anaweka, mama alisimamia kama polisi, lakini ile presha ilikuwa imetangulia mbali, na kilichobaki kiliendelea kuvuja. Kila nilichosogeza, giza lilikuwa limeshafika kabla yangu. Pale kwenye stuli yangu ninaweza kuamuru jua litoke magharibi. Ninaweza kufanya mchana usiishe. Nilikuwa na vipimo vya kila kitu chini ya mkono wangu, na baba yangu alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu, na hakuna nilichoweza kumwongezea. Mimi sijui kukaa na jambo lisilo na la kufanya. Nilikasirikia skrini, nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia baba kwa utulivu wake. Alikuwa ananishika bega kila anapoondoka, analipapasa kwanza kulitafuta, na ananiambia, "Kazi nzuri, mama." Nilikuwa natamani aniambie imeungua. Angenitukana ningejua anaona.

Kisha ikaja Jumapili moja ya masika. Nilikuwa nimempa mandhari mpya: asubuhi, jua linatoka katikati kabisa ya bonde, ndege wanalia, upepo unapita kwenye miti. Sauti zile sizitengenezi mimi, ni za gemu lenyewe, lakini ni nzuri, hasa ukiweka spika. Alikaa mbele yake akitazama. Mama wa nyumba ya jirani akagonga, anataka nimsaidie kusoma ujumbe wa luku, namba za umeme zilizogoma kuingia kwenye mita, nikatoka, nikasimama naye kibarazani tukihangaika na zile tarakimu. Nilimwachia baba chai mkononi.

Niliporudi nilisimama mlangoni. Skrini ilikuwa imejizima, inavyofanya kompyuta isipoguswa kwa muda. Ilikuwa nyeusi, na ndani yake niliona dirisha letu na kivuli changu mwenyewe. Spika zilikuwa zinaendelea, ndege na upepo. Baba alikuwa ameinama mbele kidogo, viganja vimekumbatia kikombe, uso wake ameuelekeza katikati ya ile nyeusi kwa makini yote aliyokuwa nayo studio. Alikuwa anatabasamu.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Njoo ukae hapa. Leo ndiyo umepatia." Akanyoosha kidole, taratibu, kuelekea pale ambapo jua lilikuwa. "Unaona lilivyotulia? Halichomi. Uso wa mlima una kivuli chake."

Mausi ilikuwa mezani. Kuigusa tu, bonde lingerudi. Sikujua kama hajui, au anajua na ananipa mimi hiyo Jumapili kwa sababu hana kingine cha kunipa. Mpaka leo sijui, na sina wa kumuuliza ila yeye. Nilivuta stuli, nikakaa bega kwa bega naye, nikatazama alipokuwa anatazama.

"Unaona?" akauliza tena.

"Naona, baba," nikasema.