Mkanda wa Kanali

Nyaruai, Mama Kibe, hakuwa mtu mpole, nisikudanganye. Mimi Hesbon, Baba Viola, mtu wa Misikhu, nilikuwa bawabu kwenye shamba moja nje ya Kitale, yeye akikamua ng'ombe hapo hapo, na hakuna siku ilipita bila kunigombeza. Wazazi wake walihama Nyeri kuja Trans-Nzoia akiwa mgongoni. Alikuwa amezika mume, amesomesha Kibe, na mdomo bado mkali vile vile.

Shamba lilikuwa la Mzee Jotham, karani mstaafu kutoka Bungoma. Mzungu aliyemuuzia alimwachia pia mtoto wa farasi, amevishwa mkanda wa ngozi kichwani. Hakuna aliyekumbuka kuulegeza, farasi akakua nao. Tulimwita Kanali kwa ajili ya maringo. Kufikia mwaka wa elfu mbili na nne, mkanda ulikuwa umezama kwenye nyama juu ya pua, kidonda kinanuka, nzi wamejaa. Daktari wa mifugo, Chemutai, alisema mkanda ukikatwa atapona. Shida ni kwamba Kanali hakubali mtu amkaribie hata achomwe sindano ya usingizi. Mzee Jotham alishindwa kumtazama akiteseka. Akasema mwezi ukiisha kabla hajashikika, ataita mtu wa bunduki.

Sasa, sisi ni watu wa ng'ombe, bana. Ng'ombe mkorofi unamfunga miguu ya nyuma, basi. Nikamwendea Kanali hivyo hivyo, kamba mkononi, nikitokea nyuma. Lo! Teke lilipita karibu na sikio, nikajikuta nje ya ua na sijui niliruka vipi.

Mama Kibe alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Viola, ati unakimbizwa na punda mrefu?" Akachukua kigoda chake, akapaka mikono mafuta ya kukamulia, akamwendea ubavuni akiimba, amwegemeze kichwa tumboni kama anavyofanyia ng'ombe. Kigoda kilipasuka. Mimi sikucheka. Sawa, nilicheka.

"Kufa basi, kichwa ngumu wewe!" akamfokea farasi. Lakini alikuwa na mahindi ya kupukuchua, na kivuli kizuri kilikuwa humo ndani ya ua. Akaketi na gunia lake, akampa Kanali mgongo, akanuna. Punje zikawa zinalia kwenye debe. Baadaye nikaona Kanali ameinua kichwa. Akasogea, akasimama. Akasogea tena. Mama Kibe hakugeuka, maana alikuwa amenuna kwelikweli. Farasi akamnusa kitambaa cha kichwa.

"Mama Kibe," nikanong'ona, "usigeuke."

"Si najua yuko hapa? Ananipumulia shingoni. Hebu nyamaza."

Basi akawa anapukuchulia mahindi humo kila alasiri. Kwanza Kanali alikula punje kiganjani mwake, halafu akakubali kuguswa shingo, mwishowe akawa anamwekea kidevu begani. Nilimsikia mama yule mkali akimsimulia habari za marehemu mume wake, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Niliona aibu kusikiliza, nikarudi langoni.

Mwezi ukielekea kuisha, daktari akaja. "Wewe mkumbatie shingo," akamwambia Mama Kibe, "mimi nitajificha nyuma yako."

Mama Kibe akanigeukia. "Atajua ni mimi."

"Atajua nini? Si ni mnyama tu?"

"Atajua, Baba Viola."

Akamkumbatia. Kanali alimwona Chemutai, akaanza kutetemeka mwili mzima, lakini Mama Kibe alimwambia atulie, naye akatulia. Sindano ikaingia. Akarusha kichwa juu, akamtazama mama yule mpaka miguu ikalegea. Mkanda ukakatwa, kidonda kikaoshwa.

Alipona, haki ya Mungu. Akanenepa, manyoya yakang'aa, wapita njia wakawa wanasimama kumwangalia. Hata mimi alianza kunivumilia. Lakini Mama Kibe akiingia tu, anakwenda kona ya mbali kabisa, na akimwita, anageuza uso.

Jioni moja nikamkuta ameegemea ua, machozi yanamtiririka. Mwanamke yule! Nilijisikia vibaya sana. Nikamwambia pole, huenda siku moja farasi atasahau.

"Asisahau," akasema, akijifuta kwa leso. "Wacha anichukie. Si yuko hai wa kunichukia?"