Jembe la Siku ya Tatu

Mama yangu alipoteleza kwenye umande ulioganda kule Timboroa na nyonga ikapata ufa, mimi nilikuwa mwalimu kule Soy, ninaishi chumba kimoja cha shule, choo kiko ng'ambo ya uwanja wa mpira. Daktari wa Eldoret alitaka kumwona kila wiki kwa miezi mitatu, la sivyo hangetembea tena. Aliyeniokoa ni Msomali mmoja mwenye lori, mnunuzi wa viazi vya Mama kwa miaka mingi. Alisema Mama atakaa kwake Kimumu, pale pale Eldoret, mke wake atamtunza, na maneno yakaishia hapo. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilikasirika, maana mtoto wa kumzaa nilikuwa mimi.

Siku mbili za kwanza Mama alitulia kitini akinywa chai ya iliki na mdalasini, akiisifu kuwa dawa ya kikohozi, ingawa hakuwa na kikohozi. Siku ya tatu akaomba jembe.

"Mama, wewe ni mgonjwa," mke wa mwenye lori akamwambia. "Kazi yako ni kula na kulala. Watu wataona wewe unalima kwangu, watasema nini?"

Mama akavuta kiondo chake, akaanza kupanga nguo.

Niliitwa kwa simu ya mwalimu mkuu. Nilipofika, mke wa mwenye lori alikuwa jikoni analia, akidhani ni chakula chake kilichomkasirisha mgeni. Nikamweleza mumewe: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wengine hiyo ni methali, kwa Mama ni sheria. Akinyimwa jembe, ameambiwa hapa si kwake, na kesho atapanda gari la Timboroa akose daktari.

"Na mguu je?" akauliza.

"Mguu haujaulizwa maoni."

Alicheka hadi akaketi. Kisha akaenda dukani, akanunua jembe, akakata mpini katikati ili Mama aweze kulishika akiwa kwenye kigoda. Alidhani ni la heshima tu, la kuegemezwa ukutani. Kesho yake akapakia mzigo wa Lodwar, akaondoka.

Aliporudi baada ya wiki, pale alipozoea kuegesha lori palikuwa na matuta sita ya viazi, waru kama Mama anavyoviita, yamenyooka kuliko mistari ya daftari za wanafunzi wangu. Mama alikuwa mwisho wa tuta la sita, na mke wa mwenye nyumba, ambaye machozi yalishamkauka, alikuwa akimsogezea kigoda.

"Karibu, mwanangu," Mama akamwambia. "Usikanyage waru."

Lori likalala barabarani msimu mzima. Siku moja akaja bwana mmoja wa chama tawala, mmoja wa wale waliokuwa wakidai kadi ya chama kwa kila mtu hata anayeenda kisimani, akitaka kujua nani ameziba njia.

"Muulize Mama, yuko ndani ya ua," mwenye lori akamjibu.

Bwana yule aliingia kwa ukali. Alitoka baada ya saa nzima, suruali ina udongo hadi magotini, na hakurudi tena.

Miezi mitatu ilipokwisha, daktari akasema inatosha. Nami nilikuwa nimepewa nyumba ya vyumba viwili, nimenunua kitanda na blanketi mbili nzito. Nikakodi gari hadi Kimumu. Nilimkuta Mama jikoni, anatembea kwa fimbo, anamenya viazi vya tuta la kwanza na mwenzake, wanachekeana mambo nisiyoyajua. Nikasema nimekuja kumchukua twende nyumbani.

Akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya. Niliona uchungu, nikaogopa pia. Nikainuka nikusanye vikombe nikavioshe, angalau nionekane mtu wa pale.

Mama akaninyang'anya kikombe.

"Keti," akasema. "Jembe nitakupa kesho kutwa."