Ukoo wa Gitaa

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nimejibanza nyuma ya pazia nyumbani kwetu Kariakoo. Enzi za Mwingereza hizo. Barazani ameketi Feruzi, kijana mpakuzi wa mizigo bandarini, amekuja kuniposa. Tena kaja peke yake! Posa hupelekwa na wazee. Yeye kaja na gitaa.

Baba yangu alikuwa Mwarabu muuza vitambaa, mtu wa maneno machache. Akamwuliza, "Wazee wako wako wapi?"

Mwenzangu badala ya kujibu akaanza kulisifia gitaa. Eti limetoka Ulaya, kwa mafundi wa tangu na tangu. Babu yao alianza na fidla, mwanawe akaunda mandolini, wajukuu ndio wakashika magitaa. Akamwonyesha jina lao, limebandikwa ndani ya tundu. Akaugonga ubao wa msonobari, ukalia. Lo! Nikajisemea, huyu leo ananiponza.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Babu wa gitaa nimemjua. Wewe ni Feruzi bin nani?"

Nilitamani ardhi inimeze, maana mtaa mzima ulijua mama yake aliletwa pwani utumwani, na siku zile neno hilo lilivunja posa nyingi. Feruzi akaliweka gitaa chini.

"Babu simjui, mzee. Baba sikumwona. Mama aliletwa huku mtumwa, akauza vitumbua Msimbazi, ndivyo vilivyonilea. Wa kumtuma sina."

Nyuma ya pazia machozi yalinitoka, sikufichi. Baba akaagiza kahawa. "Haya," akasema, "sasa ndiyo umekuja kuposa. Muda wote huo lilikuwa linaposa gitaa."

Hakukubali siku ile, usidhani. Alimwambia akamwombe mwalimu wake wa chuo cha Kurani asimame badala ya baba, ndipo warudi. Wakarudi. Feruzi huyo ndiye babu yenu.

Basi, mwanangu, nawaona vijana mnavyotamba kwa vitu vya majina makubwa. Si vibaya, kizuri kisifiwe. Lakini wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Kwa hiyo yule mwana wa mtumwa, alipomtaja mama yake, alikuwa muungwana siku ile, mbele ya baba yangu na duka lake. Ukienda kwa watu, jitaje wewe kwanza, na kwenu hata kama ni padogo. Mungu akupe ulimi usioona haya kumtaja mama yako. Amina.