Fomu ya Kumlilia Ng'ombe

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, mtu asije akanisemea. Nilijaza fomu ya kulia kwa niaba ya meneja wa mama yangu, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, halafu nikasimama dirishani kusubiri watu wacheke. Nusura mwanamke aliyefiwa na ng'ombe apoteze na kazi.

Mama anachambua mbegu za maharage kwenye ghala moja huku kwetu Lemara. Wako akina mama kama arobaini kwenye meza ndefu, kila mmoja na rundo lake, wanatoa zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Meneja wao ni kijana wa tai ambaye ukimwekea mbegu na kokoto atapanda kokoto. Mwaka huu alipelekwa semina ya siku mbili hotelini, ya namna ya kuwahudumia wafanyakazi wenye hisia, kana kwamba kuna wengine wanaokuja kazini bila hisia. Alirudi na kalamu mpya, kitambi cha bufee na Fomu ya Hisia. Tangu siku hiyo ukilia kazini hupewi pole, unapewa fomu. Unaandika jina, hisia, sababu, na kiwango cha huzuni kuanzia moja hadi kumi, halafu unakaa stoo katikati ya magunia mpaka utulie. Yeye anasaini. Nadhani kwao hata msibani watu wanaingia kwa tiketi.

Wiki hiyo alikufa ng'ombe wa mwanamke anayekaa upande wa kulia wa mama mezani. Yeye anatoka juu, mlimani Meru. Kule ng'ombe wa maziwa hafi kimyakimya. Majirani wanaacha kahawa shambani wanakuja kukaa na wewe, mmoja anasali, mwingine anashusha mkungu wa ndizi. Lakini ruhusa ya msiba wa ng'ombe ghalani haipo, kwa hiyo alikuja kazini, akalia juu ya maharage. Mama alitusimulia jioni akimenya ndizi, bila kucheka. Meneja alimsimamia na karatasi yake, akamuuliza huzuni yake ni ngapi kati ya kumi.

"Alikuwa na mimba ya miezi minane," yule mwanamke akamjibu.

Meneja akaandika nane.

Nilicheka mpaka nikapaliwa, mama akanitazama mpaka nikanyamaza. Lakini ile nane ilinikaa kichwani. Mama alikuwa na fomu tupu nyumbani, alizopewa azigawe mezani kwake, nikachomoa moja. Jina: Meneja. Hisia: hasira. Sababu: chai imepoa. Kiwango: kumi na moja. Asubuhi yake mama akasahau miwani, na bila miwani kwake mbegu nzima na mbovu ni mapacha. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikampelekea, na wakati natoka nikabandika kazi yangu ya sanaa ubaoni, nikasimama nje dirishani.

Kicheko kilikuja, sikatai. Kilianzia meza ya mlangoni kikasambaa ghala zima. Meneja akatoka ofisini, akasoma, akavimba. Mwandiko hakuukagua, maana mtu aliyekwenda semina hahitaji ushahidi. Wiki nzima aliyejaziwa fomu ni yule mama wa ng'ombe peke yake, kwa hiyo ni yeye. Akamwambia avue aproni aende, na asirudi tena.

Yule mama alianza kufungua kamba za aproni taratibu, kama mtu ambaye wiki hiyo ameshazoea kuondokewa na vitu.

Utani ukaniishia mdomoni. Nisidanganye, miguu yangu ilishageukia geti. Nikairudisha, nikaingia.

"Shikamoo," nikamwambia meneja, maana ndicho nilichokumbuka. "Niliyeandika ni mimi. Yeye hajui chochote."

Nilitegemea kofi. Badala yake macho yakamjaa maji mbele ya wanawake arobaini. Mtaalamu wa hisia huyo. Nilifurahi kidogo, wacha niseme ukweli. Siku mbili za hotelini, na hakujua auweke wapi uso wake.

Mama ndiye aliyeinuka. Mimi hakuniangalia hata. Alimvutia meneja kiti, akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akasema, "Kaa kwanza, baba. Pole." Basi. Hakuuliza ngapi, hakumpeleka stoo. Jamaa akanywa, akajifuta uso kwa ile tai, na kikombe kilipofika nusu akamwambia yule mwanamke, macho yakiwa sakafuni, afunge aproni arudi mezani. Kumwomba radhi hakumwomba. Labda semina hiyo bado haijaletwa.

Nyumbani nilikuwa tayari kwa fimbo. Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasema:

"Kesho asubuhi unapanda mlimani. Unamwamkia yule mama, unampa pole, unamkatia majani mtamba wake aliyebaki. Na ukimuuliza ni ngapi kati ya kumi, hapa usirudi."