Ndoo Nne za Mjomba

Watu wangu wa Isiolo, mkiniona na macho mekundu, sijalia. Ni sabuni.

Tumefika Watamu leo asubuhi. Bahari iko hapo tu mbele ya gesti, lakini Mjomba wangu wa Sericho, kule kwenye ukame, hata kabla hajavua viatu, akajaza ndoo zote nne maji ya bomba.

Nikamcheka mpaka nikakaa chini.

"Mjomba, hapa si Sericho! Maji yote yale huyaoni?"

Akazifunika ndoo zake.

Jioni nimetoka kuogelea, chumvi mwili mzima. Nikajipaka sabuni mpaka usoni, nikafungua bomba.

Likakohoa mara moja, basi.

"Mjomba! Nisaidie ndoo moja tu!"

Akanijibu nje ya mlango, kwa upole kabisa:

"Kwani maji yote yale huyaoni?"

Mnaocheka, jazeni ndoo kwanza.